Siku Arobaini na Tatu za Ombwe Safi

Maabara ya chini,
9 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Kwenye simu kila nikipiga unasema "sisi wazima," halafu unampa mkeo simu kabla sijavuta pumzi. Ndiyo maana nimeamua kuandika. Barua huwezi kumpa mtu katikati.

Huku si pabaya, ila nimechoka. Makala yetu ile imepata wapinzani. Maabara moja ya mbali wameandika kwa adabu zote kwamba wamefanya kila tulichofanya: wamechemsha fedha, wakaacha mvuke wake utue pamoja na gesi ya agoni kwenye kile kioo chenye baridi kali, agoni ikaganda, na vishada vya atomi za fedha vikanaswa humo kama mbegu ndani ya pera. Wakapitisha mwanga kuona kila kishada kinameza rangi gani. Wameona mistari yote tuliyoiona sisi, isipokuwa ule mmoja uliotupa jina: kilele cha urujuani, ambacho Profesa alikiita cha kishada cha atomi nane.

Profesa akaniambia, "Kirudie tu, tuwanyamazishe." Nimekirudia mara sita tangu Januari. Mstari unapanda, unashuka, ukifika pale kwenye kilele chetu unalala tambarare kama sakafu.

Nimejiuliza ni nini kimebadilika tangu ulipostaafu mwaka juzi. Mashine ni ile ile, fedha ni ile ile, na mimi ni yule yule. Aliyekosekana ni wewe. Unakumbuka tulivyokuwa: mimi upande huu wa pazia jeusi na kipimo cha mwanga, wewe upande wa pampu. Kabla ya kufungulia gesi nakuuliza, "Ombwe?" Unanitajia namba, mimi naandika kwenye daftari, nafurahi kwamba hewa yote imenyonywa, tunaendelea. Sasa naomba uniambie yale ya upande wako wa pazia. Ulikuwa unafanya nini ambacho hatukukiandika?

Mpwa wako,
Chiriku


Nyumbani,
21 Februari

Chiriku,

Marahaba. Mwandiko unaouona ni wa mkaza mjomba wako. Vidole vyangu vimeshikwa na baridi yabisi. Cheka ukitaka. Miaka ishirini na saba nimegandisha gesi za watu, sasa baridi imegeuka kunigandisha mimi.

Hakuna siri. Kioo usikifute kwa pamba, pamba huacha nyuzi. Agoni usiifungulie mpaka baridi itulie nusu saa nzima. Mashine ile ni kama mgeni mwenye cheo, haitaki kuharakishwa mlangoni. Kikombe cha fedha kipashe moto taratibu. Mengine yote yako kwenye daftari, tena kwa mwandiko wako mwenyewe.

Usikonde kwa ajili ya wazungumzaji wa mbali. Wenye mashine mpya hawajui kubembeleza.

Mkaza mjomba wako anauliza kama unakula. Mimi nimemwambia ukiacha kula utaacha na kusema, na hilo haliwezekani.

Mjomba wako


Maabara ya chini,
17 Machi

Mjomba,

Pole kwa vidole.

Nimefanya ulivyosema, mara kumi na moja. Kioo nimekifuta kwa karatasi laini mpaka mkono umekufa ganzi. Nusu saa nimengoja, hata saa nzima nimengoja. Kilele hakuna.

Fundi aliyeshika nafasi yako, sisi tunamwita Bi Spana, ni mtu wa kazi na hana maneno mengi. Alipoanza aliifungua mashine yote, akabadilisha kila mpira wa kuzibia na kila boliti. Wiki iliyopita nilimpa daftari letu asome, labda ataona kitu. Akalisoma lote akiwa amesimama. Halafu akaniuliza, "Huyu fundi wenu alikuwa binadamu?"

Nikamuuliza kwa nini.

"Siku arobaini na tatu, ombwe namba ile ile. Haipandi, haishuki. Mimi mashine hii ikinipa namba moja siku mbili mfululizo nanunua soda."

Nikamwambia, "Humjui mjomba wangu."

Nilisema kwa fahari. Watu wa ghorofa ya juu bado wanaiita hii karakana "kwa Barafu," ingawa Barafu mwenyewe, yaani wewe, hayupo. Lakini jioni nilipokuwa naosha kikombe, swali lake lilinirudia. Ulikuwa unafanyaje, Mjomba? Kulikuwa na namna ya kuifunga pampu? Hata kitu kidogo, niambie. Nimefika mahali hata uchawi nitaandika kwenye ukurasa wa mbinu.

Chiriku


Nyumbani,
2 Aprili

Mpwa wangu,

Huyo Bi Spana aendelee kuziba mashine, na mdomo auzibe pia. Mtu hujamaliza miaka miwili kazini unahesabu namba za waliokutangulia.

Nimefikiri sana. Nadhani tatizo ni mkono wako. Tangu zamani una haraka. Fedha unaichemsha kama mtu mwenye wageni sebuleni, mvuke unatoka mwingi kwa mpigo, vishada vinakuwa vikubwa kupita kiasi, ndiyo maana nane haionekani. Punguza moto. Rudia polepole. Utakipata.

Sina zaidi.

Mjomba wako


Nyumbani,
25 Mei

Mwanangu,

Leo naandika kwa niaba yangu. Mjomba wako yuko nje anaota jua, hajui.

Wiki ya nane hii hujaandika wala kupiga simu. Barua yake ya mwisho niliiandika mimi kwa mkono wangu na haikunipendeza. Nilimwambia, "Mwenzangu, mtoto ameuliza swali, mbona unampiga?" Akanijibu niandike tu. Kama imekuumiza, nisamehe mimi niliyeshika kalamu.

Kuna jambo ulipaswa kuambiwa. Vidole vyake havina ugonjwa wowote. Anachambua mchele kwa kupapasa vizuri kuliko mimi ninayeona. Ni macho. Haoni. Jicho la kushoto limezima kabisa, la kulia anaona kama mtu anayechungulia kwenye mrija. Barua zako namsomea mimi. Amenikataza kukwambia, anasema utaacha kazi uje kumshika mkono.

Mimi nilidhani yameanza hapa nyumbani, baada ya kustaafu. Alianza kumimina chai pembeni ya kikombe, nikasema uzee. Mwezi wa pili nilimburuta hospitali. Daktari akasema ni presha ya macho, na kwamba ugonjwa huu haukuanza jana, una miaka minne au mitano unamla kimya kimya. Kilichokwenda hakirudi, wanalinda kilichobaki kwa dawa ya matone. Nilimuuliza njiani kama alikuwa anajua. Akaniambia nimwangalizie mtaro.

Mficha uchi hazai. Nimechoka kuficha, ndiyo maana nakuandikia. Ila usimwambie kwamba nimesema.

Mkaza mjomba wako


Maabara ya chini,
6 Juni

Mkaza mjomba mpendwa,

Shikamoo, na asante. Nimeisoma barua yako mara nyingi, nikatoka nje, nikazunguka jengo, nikarudi nikaisoma tena.

Na mimi nina nililolificha. Kimya changu hakikuwa hasira, au hakikuwa hasira peke yake. Mwezi wa nne Profesa aliitisha daftari. Akaona siku arobaini na tatu za namba moja, mwandiko wangu, wino wangu. Akaniuliza mbele ya watu, "Hizi ulizisoma wapi?" Nikasema nilitajiwa na fundi. Akasema, "Fundi yuko wapi?" Sasa kuna kamati ya watu watano. Wanachunguza kama nilitunga vipimo. Nikikutwa na kosa, shahada yangu ya udaktari imekwisha na hakuna maabara nyingine itakayonipokea. Ufunguo wa chumba cha mashine wamenipokonya. Naingia tu akiwepo Bi Spana, kama mgonjwa anayesindikizwa msalani.

Sikutaka Mjomba ajue. Nilisema moyoni, mtu amestaafu salama, mwache apumzike na jina lake.

Lakini sasa umeniambia miaka minne au mitano. Vipimo vile tulivifanya miaka mitatu iliyopita. Mkaza mjomba, kile kipimo cha ombwe kina mshale mwembamba kama unywele, kiko nyuma ya pampu, mahali penye giza. Nisaidie kufikiri, maana mimi kichwa kimegoma. Alikuwa anauona?

Usimsomee barua hii. Nakuomba. Sijui nataka nini bado.

Chiriku


Nyumbani,
19 Juni

Mpwa wangu,

Amenisomea. Usimlaumu. Siku tatu alikuwa akipika hanisemeshi, na mkeo wa miaka thelathini asipokusemesha unajua kuna barua mfukoni. Nilimwambia asome. Aliposoma lile la kamati akaacha kusoma. Nikamwambia aendelee.

Sikuwa nauona mshale.

Mwaka wa kwanza wa macho haya nilikuwa nauona nikisogeza uso karibu. Kisha nikawa nauona nikiwasha tochi. Halafu siku moja ukauliza "Ombwe?" kutoka nyuma ya pazia, nikaangalia, nikaona duara jeupe halina kitu. Ulikuwa unangoja. Nikataja namba ya jana. Ulisema "Safi!" na kazi ikaendelea, na hakuna kilicholipuka. Kesho yake ilikuwa rahisi zaidi. Nikawa fundi wa namba moja.

Ningesema ningehamishiwa stoo, kuhesabu mitungi mpaka siku ya kuondoka. Hilo ni la kwanza, na ni la kwangu. La pili ni kwamba wewe ulikuwa umeanza kupata mistari mizuri na sikutaka mtu mwingine ashike pampu yako. Yote mawili ni kweli. Usichukue la pili ukaliacha la kwanza.

(Miaka yote ile alikuwa akirudi kutoka kazini ananiambia siku imekwenda vizuri. — Mkaza mjomba)

Sasa sikiliza, hili ndilo la kazi. Sikuona, lakini nilisikia. Pampu nzima hulia kama mtu anayesaga mahindi mbali, sauti moja, kavu. Katika siku zile ilikuwa na mkoromo. Kama mtu mwenye mafua aliyelala chali: inakoroma, inakatika, inakoroma. Maana yake hewa ilikuwa inaingia mahali. Mimi naamini ni dirisha la nyuma la mashine, lile la kuchungulia ndani, kwa sababu nikiweka kiganja pale nilihisi kibaridi cha upepo. Nilijiambia ni uzee wa pampu. Nilijua si uzee wa pampu.

Hewa ikiingia kidogo kidogo inaganda pamoja na agoni. Agoni haina shida na mtu, inaishikilia fedha bila kuigusa. Hewa ina oksijeni, na oksijeni hushikana na fedha. Kilele chenu huenda si cha nane wala cha tisa. Bi Spana alipobadilisha mipira ya kuzibia alikifuta kilele bila kujua. Muulize dirisha la nyuma alilikutaje. Mpe na salamu zangu, na mwambie yale ya mdomo nimeyafuta.

Kuhusu mkono wako: hauna haraka. Haukuwahi kuwa na haraka. Nilijua hivyo nilipokuwa nasema.

Nakala ya barua hii imekwenda kwa mwenyekiti wa kamati kwa posta ya leo, pamoja na cheti cha daktari na alama ya dole gumba langu. Sikukuomba ruhusa kwa sababu ungekataa.

Mjomba wako


Maabara ya chini,
11 Julai

Mjomba,

Shikamoo.

Ni kweli, ningekataa. Nakala uliyowapelekea kamati ilifika kabla ya barua yangu, nikaitwa nieleze kitu nisichokijua bado. Mwenyekiti alinipa viti viwili nichague, nikakaa kwenye kilichokuwa karibu na mlango.

Walisema maneno ya fundi mstaafu hayatoshi, lazima yapimwe. Wakatupa wiki mbili. Nilimuuliza Bi Spana kuhusu dirisha la nyuma. Akasema, "Mpira wake ulikuwa umepasuka kama kisigino. Nilidhani mlikuwa mnajua." Basi mpira mpya tukauacha, tukalegeza boliti za dirisha robo mzunguko ili livuje kama zamani. Pampu ikakohoa. Bi Spana akauliza, "Ndiyo hiyo?" Nikasema hapana, hiyo ni kikohozi, Mjomba alisema mafua. Akalegeza tena. Tulisimama pale watu wazima wawili, masikio tumeyainamishia pampu, mpaka ikaanza kukoroma na kukatika, kukoroma na kukatika. Hapo nikajua, maana na mimi niliukumbuka mlio ule. Nilikuwa nausikia kila siku kupitia pazia. Sikuwahi kuuliza.

Saa tisa mchana kilele kilitokea, pale pale, kwa urefu ule ule. Tukakaza boliti, tukasafisha, tukaanza upya: hakuna. Tukalegeza: kipo. Mara nne. Halafu Bi Spana akaiziba mashine kabisa na kuingiza oksijeni tupu kwa kipimo, tone kwa tone, na kilele kikapanda kadiri tulivyoongeza. Ni fedha iliyokutana na oksijeni, Mjomba, ulivyosema. Hakuna kishada cha nane pale.

Sikufurahi. Nilikaa juu ya ndoo nikaangalia karatasi ikitoka kwenye mashine ya kuchorea. Miaka mitatu ya maisha yangu ni mpira uliopasuka.

Kamati imeamua jana. Sikutunga chochote. Makala inaondolewa, na vipimo vyote vya siku arobaini na tatu havihesabiki, vizuri na vibaya pamoja. Nimepewa muda wa kuanza upya. Kwenye korido Profesa alinisimamisha. Akaniambia kwamba aliwahi kukukuta umegusisha pua kwenye kipimo, akakuuliza, ukamwambia miwani imevunjika. "Nikaridhika," akasema, "kwa sababu kilele kilikuwa kizuri." Hakuomba radhi. Kila mtu akaenda zake.

Sasa ya kwetu. Sijui kama nimekusamehe. Naulizwa na moyo kila asubuhi, naujibu nina kazi. La namba naweza kulielewa. La Aprili, la mkono wangu, bado linanichoma. Nilichemsha fedha polepole wiki tatu, Mjomba. Nilianza kuiangalia mikono yangu kama ya mtu mwingine.

Na kuna swali moja linalonisumbua kuliko kamati. Ule mwaka wa mwisho, kila tukimaliza kazi ulikuwa unaniwekea mkono begani tukipanda ngazi za kutoka chini. Ngazi thelathini na mbili. Hukuwa mtu wa kushikashika watu, na mama alipofariki hata hukunikumbatia, ulinipa leso. Kwa hiyo mkono ule niliupenda. Nilikuwa napunguza mwendo ili ngazi zisiishe. Sasa nimekaa nafikiri: kumbe nilikuwa fimbo?

Nijibu hili tu. Mengine yatasubiri.

Mpwa wako


Nyumbani,
26 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba.

Nimefurahi kamati imekuacha, na nimeumia kwa makala. Nimemwomba mkaza mjomba wako anisomee ile sehemu ya pampu mara mbili. Mwambie Bi Spana kwamba fundi anayejua tofauti ya kikohozi na mafua hahitaji kupewa salamu, anahitaji kuongezewa mshahara.

Hapa mambo ni yale yale. Matone asubuhi na jioni. Mke wa nyumba hii amenisamehe nusu. Nusu nyingine anasema ananiwekea. Jana alinipeleka mpaka kwa kinyozi na kuniacha, akasema rudi mwenyewe, ni nyumba nne tu. Nilirudi. Nilihesabu mageti kwa kiganja. Nyumba ya tatu nilibisha hodi, wakanikaribisha, nikaaga.

Swali lako. Nimekaa nalo siku sita. Mkaza mjomba wako amekuwa akija na kalamu kila baada ya chakula, na kila mara namwambia bado.

Nilikuwa siioni ngazi. Ukweli wa kwanza ni huo, sitaupamba. Nilikuwa nakuvizia umalize kuvaa koti ili nisipande peke yangu. Siku uliyougua, nilikaa kule chini mpaka mfagiaji alipokuja, nikajifanya tunazungumza, nikapanda naye.

Lakini mfagiaji sikumshika bega. Nilishika ukuta. Ukuta ulikuwepo siku zote, mpwa wangu, kulia, tangu ngazi ya kwanza mpaka ya mwisho.

(Amesema niishie hapo, kisha akasema hapana, niongeze.)

Mimi sikujifunza kukumbatia mtu. Alipofariki dada yangu nilitafuta cha kukupa, nikakuta leso. Macho yalipoharibika nilipata sababu, nikaitumia. Kama hilo ni fimbo, basi ulikuwa fimbo. Mimi sijui jina lake.

Usiharakishe kunisamehe. Ila ukipata likizo, njoo. Nyumba yetu iko chini, haina ngazi hata moja. Bega nitalishika hivyo hivyo.

Mjomba wako